Kamio ya mafuta ilikwama Epulu, hakuna aliyeandika hata mstari



Msimu wa mvua uliopita, wenzetu watatu walikuwa Epulu, kwenye RN4. Kamio moja ya mafuta ikazama katika matope, ikainama upande mmoja mpaka watu wakadhani inaanguka. Chini ya tangi, kwenye robine, esanse ikaanza kudondoka. Mwanzo tone moja moja, kisha kama mkojo wa mtoto. Nusu saa haijaisha, vijana walikuwa tayari pale na mabido, mabeseni, mpaka chupa za maji. Hatua kama ishirini hivi, mama mmoja alikuwa anachoma makemba, makaa yake yanawaka vizuri. Motari walikuja kuangalia na pikipiki zao, injini hazijazimwa. Konvoyeri alipiga kelele mpaka sauti ikakauka: "Rudini nyuma! Rudini nyuma!" Hakuna aliyerudi. Mwishowe papa mmoja wa kijiji alimwendea yule mama, akamwomba samahani, akamwaga maji juu ya makaa yake. Mwenzetu mmoja, tuseme ukweli, alikuwa na simu mkononi anafilme.

Hakuna kilichotokea. Jioni kamio ingine ikaivuta, ikaendelea na njia ya Kisangani. Mama akawasha tena makaa. Kesho yake hakuna mtu aliyekuja kuuliza kwa nini robine ilivuja, kwa nini kamio ilipita sehemu ile, nani aliita msaada na msaada ulikuja saa ngapi. Hakuna aliyeandika hata mstari. Kama ingewaka, viongozi wangefika na rambirambi. Juu haikuwaka, tulibaki na hadithi ya kuchekesha.

Sisi tunasema: ile siku Epulu kulikuwa na aksida. Ilikosa moto tu. Na kwa sababu hakuna aliyeichunguza, iko njiani inarudi.

Bomba letu liko na magurudumu

Katika inchi zingine gesi na mafuta vinasafiri ndani ya mabomba. Tanzania wana bomba la gesi linalotoka Mtwara mpaka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Uganda, ngambo ya Ziwa Albert, wamechora bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani, karibu na Tanga. Huko watu wanabishana juu ya vali, unene wa chuma, na nani anafunga gesi likipasuka.

Sisi Ituri hatuna bomba. Lakini mafuta tunayo. Yanaingia Kasindi ao Mahagi, yanapanda kwenye kamio, yanapita Beni, Komanda, Mambasa, Epulu, na mwisho wake yanalala ndani ya bido ya kadafi kwenye kona ya avenue yenu. Lile ndilo bomba letu. Linapita mbele ya shule, katikati ya soko, pembeni ya kanisa. Linapita ndani ya Hifadhi ya Okapi, iliyowekwa mwaka 1992 na kuingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1996. Linavuka mto Epulu, na watu wanachota maji mule. Halina vali ya kufunga. Likipasuka, mlinzi wake ni konvoyeri mmoja aliyekauka sauti.

Tunajua tayari mwisho wake

Tarehe 2 mwezi wa saba 2010, Sange, kwenye barabara ya Bukavu–Uvira. Ilikuwa siku ya mechi ya Kombe la Dunia, Ghana na Uruguay, watu wamejaa kwenye vibanda vya kuangalia mpira. Kamio ya mafuta iliyotoka Tanzania ikapinduka ndani ya kijiji. Mafuta yakamwagika, watu wakaja, wengine kuchota, wengine kuangalia tu, wengine hawakujua hata kama kuna kitu nje. Moto ukashika. Zaidi ya watu 230 walikufa, wakazikwa wengi katika makaburi ya pamoja.

Tarehe 6 mwezi wa kumi 2018, Mbuba, karibu na Kisantu, Kongo-Central. Kamio ya mafuta ikagongana na gari ingine kwenye RN1. Watu kama 50 walikufa, na wengine karibu 100 wakaungua. Inchi ikawekwa katika kilio siku tatu.

Kati ya Sange na Mbuba ni miaka minane. Tunauliza swali moja tu: katika ile miaka minane, ni sheria gani moja ilibadilika kwenye barabara ya Epulu juu ya watu wa Sange? Tumewauliza madereva, kadafi na wazee wetu. Hakuna aliyeweza kutuonyesha.

Majirani wetu pia wamelia. Nairobi, tarehe 12 mwezi wa tisa 2011, mafuta yalivuja kutoka kwenye mitambo ya Kenya Pipeline Company, yakaingia katika mtaro, yakateremka mpaka mtaa wa Sinai wenye vibanda vya mabati. Zaidi ya watu 100 walikufa. Morogoro, Tanzania, tarehe 10 mwezi wa nane 2019, kamio ilipinduka pale Msamvu, watu wakaenda kuchota, moto ukaua watu karibu 100 na zaidi.

Tazameni vizuri. Inchi tofauti, kampuni tofauti, lugha ya radio tofauti. Lakini hadithi ni ileile: mafuta yanavuja, watu wanakaribia, hakuna anayefunga eneo, moto unakuja. Kitu kinachojirudia namna hii hakiwezi kuitwa bahati mbaya. Bahati mbaya haina ratiba.

Kuchunguza maana yake nini

Wengi wetu tukisikia "uchunguzi" tunafikiria parke, pingu, na dereva anayefungwa. Ile ni kazi ya sheria, na iko na mahali pake. Sisi tunazungumzia uchunguzi mwingine, ule unaouliza: tufanye nini ili isirudi?

Mfano. Tarehe 9 mwezi wa tisa 2010, miezi miwili tu kisha Sange, bomba la gesi lilipasuka katika mtaa wa San Bruno, California, Marekani. Watu 8 walikufa, nyumba 38 zikaisha kabisa. Marekani wana ofisi ya uchunguzi wa aksida za usafiri, NTSB, iliyoanza mwaka 1967. Ofisi ile haifungi mtu na haitozi faini. Kazi yake ni kutafuta sababu na kuzitangaza.

Wangeweza kuandika "bomba lilikuwa la zamani" na kwenda nyumbani. Hawakuishia pale. Walichukua vipande vya chuma na kuvipima. Wakakuta kipande kilichowekwa chini mwaka 1956 kiliunganishwa vibaya na moto wa kuchomelea. Wakafungua makaratasi ya kampuni: yalisema bomba lile halina hata mahali palipochomelewa. Kumbe kampuni ilikuwa inalinda bomba lililo kwenye karatasi tu, lile la chini ya ardhi haikulijua. Wakapima muda: kuzima gesi kulichukua dakika 95, kwa sababu vali hazikuweza kujifunga zenyewe. Kisha wakaandika mapendekezo, wakayatangaza kwa kila mtu kusoma. Kampuni baadaye ilitozwa faini ya dola bilioni 1.6 na wasimamizi wa California, lakini faini ile ilitoka kwa watu wengine, na ilitoka juu kulikuwa na ripoti.

Watu 8, na walichimba mpaka mwaka 1956. Sange watu zaidi ya 230. Hatusemi Wamarekani ni malaika, na pale pia kampuni ilikuwa imelala. Tunasema mutu wa Sange si mwepesi kuliko mutu wa San Bruno.

Mfano mwingine uko Ubelgiji, inchi tunayoijua vizuri kwa mambo mengine. Tarehe 30 mwezi wa saba 2004, kule Ghislenghien, bomba kubwa la gesi lililipuka. Watu 24 walikufa, kati yao wazimamoto waliokuwa wameitwa kuangalia harufu ya gesi. Uchunguzi ulionyesha bomba lilikuwa limejeruhiwa na mashine ya ujenzi kabla ya ile siku. Jeraha halikutengenezwa. Gesi ilipopandishwa nguvu, chuma kikashindwa. Kisha aksida ile, Ubelgiji ilibadilisha namna ya kupanga kazi ya wazimamoto, na ikaweka mahali pa kuuliza kabla ya kuchimba ardhi: je, kuna bomba hapa?

Sasa rudini Epulu. Robine iliyovuja ni lile jeraha. Lilikuwa linaonekana kwa macho. Kamio ikaondoka nalo.

Na Nairobi tena, usiku wa tarehe 1 mwezi wa pili 2024, Embakasi: gesi ya kupikia ililipuka, moto ukachoma nyumba na magodauni. Watu wasiopungua 3 walikufa siku zile za kwanza, zaidi ya 270 wakajeruhiwa. Makaratasi yalipofunguliwa, mamlaka ya nishati ya Kenya ilisema ilikuwa imekataa mara tatu katika mwaka 2023 kutoa ruhusa ya kuweka gesi mahali pale, kwani watu wanaishi karibu sana. Ofisi ingine, ile ya mazingira, ilikuwa imetoa kibali, na wafanyakazi wake wakasimamishwa. Mkono wa kushoto ulikataa, mkono wa kuume ukasaini. Bila kufungua makaratasi, watu wangebaki wanamlaumu yule aliyewasha kiberiti.

"Ni wao wenyewe, walienda kuiba mafuta"

Hii tunaisikia kila mara. Wakubwa wanaisema, na kwenye simu zetu tunaisema sisi wenyewe. Tuijibu bila kukimbia.

Ndiyo, kukaribia kamio inayovuja ni hatari ya kufa. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini, unafuata mtaro, unafika mbali kuliko macho yako yanavyodhani, na moto ukiugusa kule, unarudi mbio mpaka kwenye tangi. Kwa hiyo mama wa makemba hakuhitaji kusogea karibu na kamio. Mvuke ungemfuata pale alipo. Pikipiki inayounguruma inatosha. Sigara inatosha. Kijana anayesema "mimi niko mbali" hajui yuko mbali na nini.

Lakini uchunguzi ukisema "waliiba" na kufunga kitabu, haujachunguza kitu. Uliza mara ya pili: kwa nini kamio ilipinduka? Breki? Pine? Mzigo kupita kiasi? Dereva hajalala siku mbili? Uliza ya tatu: barabara ilikuwa namna gani, na nani alipewa pesa ya kuitengeneza? Ya nne: kwa nini hakuna hata kamba moja ya kufunga eneo, hata firimbi, hata polisi wawili wenye mafunzo? Ya tano: kwa nini bido moja ya esanse inaweza kumzidi kijana mshahara wa siku nyingi, mpaka anaona afadhali ajaribu? Ya sita: walioungua walipelekwa wapi, kwa nini wengine walikufa hospitalini siku ya tatu, wakati siku ya kwanza walikuwa wanaongea? Mtu akishajibu maswali yote haya, ndipo azungumzie wizi.

Na wanaosema "ni mapenzi ya Mungu", tunawaheshimu. Lakini Mungu hakutengeneza robine ya ile kamio.

"Watu wanauawa na silaha, na ninyi munaleta habari ya kamio"

Hii inatuuma zaidi, juu ni kweli tunazika kila wiki. Tunatoka familia zilizokimbia Irumu, Djugu, Mambasa. Hatujasahau mtu. Lakini vita na kamio si mambo mawili yaliyo mbali. Juu ya hatari, magari yanapita kwa konvoa, yamebanana, kamio ya mafuta iko katikati ya kamio ya abiria na kamio ya maharagwe. Madereva wanakimbiza usiku usiwakute porini. Kamio zimechomwa na waasi kwenye hii RN4. Pale ambapo moto unaweza kuanzishwa na mtu, inatakiwa kujua zaidi, si kidogo, namna ya kuuzima na kuwaondoa watu.

Na hali ya kijeshi iliyowekwa Ituri na Kivu Kaskazini mwezi wa tano 2021 isiwe kisingizio. Kuandika ripoti ya kurasa nne hakuhitaji bunduki.

Tunaomba nini

Moja. Kila aksida ya kamio ya mafuta kwenye RN4 na RN27 iandikiwe ripoti, itangazwe kwa wanainchi katika siku 30, kwa Kifaransa na Kiswahili. Hata kama hakuna aliyekufa. Hasa kama hakuna aliyekufa, kwani pale mashahidi wote wako wazima na wanaweza kusema.

Mbili. Uchunguzi wa usalama utengwe na kazi ya parke. Kwa ndege, inchi yetu tayari iko na ofisi ya kudumu ya kuchunguza aksida, BPEA. Kwa nini anayekufa angani awe na ofisi, na anayekufa barabarani awe na uvumi? Dereva anayesema ukweli juu ya breki zake na juu ya bosi aliyemlazimisha kuendesha asiwe wa kwanza kulala kasho.

Tatu. Epulu, Mambasa na Komanda viwe na mahali pa kusimamisha kamio za mafuta, nje ya soko, mbali na mashule na mbali na mto. Kila kamio iwe na chupa za kuzimia moto zinazofanya kazi, kamba na firimbi. Kwenye kila bariere kuna mtu wa kuhesabu pesa. Awepo basi na mtu wa kuangalia robine na pine.

Ine. Hospitali za Mambasa na Bunia zipate vifaa vya kutibu walioungua, na waganga wafundishwe. Sange na Mbuba zilitufundisha kama wengi hawafi pale pale.

Tano. Mwezi wa saba 2022 serikali ilitoa tenda ya vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi, ile gesi ya Ziwa Kivu. Tenda ya mafuta ilifutwa mwezi wa kumi 2024, lakini hamu haijafutwa. Tunasema mapema: kabla bomba moja halijawekwa chini ya ardhi yetu ao ndani ya ziwa letu, tuonyeshwe kwanza ofisi itakayolichunguza siku litakapopasuka. Inchi iliyoshindwa kuchunguza robine ya Epulu itachunguza nini chini ya Ziwa Kivu?

Sisi wenyewe tutafanya nini

Hatutakaa kulalamika kwenye simu. Katiba ya mwaka 2006, artikle ya 27, inampa kila Mukongomani haki ya kupeleka petisyo kwa mamlaka ya umma, na mamlaka inapaswa kujibu katika miezi mitatu. Tunaiandika. Itapita Bunia mitaani, kwenye parking za motari, Mambasa, Epulu. Itasainiwa kwa mkono, na asiyejua kuandika ataweka kidole. Tutahesabu ile miezi mitatu mbele ya wote.

Tumenunua pia daftari. Kila kundi letu kwenye barabara liko na yake. Kamio ikianguka ao ikivuja, munaandika: tarehe, saa, mahali, ilivuja wapi, nani alikuja, alikuja kisha muda gani, moto gani ulikuwa karibu, watu waliondolewa namna gani. Hatuandiki majina ya majeruhi, hatupigi picha za maiti. Na kabla ya kuandika, munafanya hii kwanza: kaa upande ambako upepo unatoka, zima injini, zima makaa, rudisha watoto, funga njia pande zote mbili. Simu itafilme baadaye. Mwenzetu aliyefilme ile siku ndiye aliyeomba tuandike hivi.

Ukurasa wa kwanza wa daftari ya Epulu umejaa tayari. Una kamio moja, robine moja, mama mmoja wa makemba na papa mmoja aliyemwaga maji. Wafu: hakuna. Tunataka ule mstari wa mwisho ubaki hivyo kwenye kurasa zote zinazokuja.

Vijana wa harakati ya wanainchi, Epulu na Bunia.